Watoto, vipande, mbegu au kubebesha: njia ipi ya kuzidisha dungusi inafaa Mombasa?

Maelezo mengi ya kuzidisha madungusi, yaani kaktasi, yameandikwa na watu wanaopambana na baridi. Wanahimiza ununue vifaa vya umeme vya kupasha udongo joto, uingize vyungu ndani kabla theluji haijaanguka, ungoje miezi ya jua ndipo ushike kisu. Mkazi wa Mombasa akifuata ushauri huo atahangaikia jambo lisilomhusu. Hapa hata kipupwe cha Julai, usiku joto huwa karibu nyuzi 20, na dungusi halitaki zaidi ya hapo ili lishike mizizi. Adui wetu ni hewa yenye maji. Jeraha ambalo katika nchi kavu hufunga kwa siku chache, hapa linaweza kubaki bichi wiki nzima, na jeraha bichi ndilo mlango wa kuoza.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia nne za kuzidisha mmea huu nyumbani, yaani kutenga watoto, kukata kipande, kupanda mbegu na kubebesha (kushikanisha kichwa cha dungusi moja juu ya shina la jingine), kipimo changu cha kwanza ni hiki: njia hii inaacha jeraha kubwa kiasi gani, na litakaa wazi kwa muda gani katika hewa yetu? Kipimo cha pili ni aina ya dungusi uliyo nayo, maana yako madungusi ambayo hayakuachii hiari. Bei na subira vinafuata nyuma.

Kwanza, hakikisha ni dungusi

Ukipita kwenye vitalu vya kando ya barabara kuanzia Nyali hadi Mtwapa, utakuta vyungu vingi vinavyouzwa kwa jina la kaktasi ambavyo ndani yake mna jamaa za mnyaa, ule mmea wa ua unaotoa maziwa ukivunjwa. Kuna njia ya kujua bila kukata kitu. Tazama mwiba unapotokea. Kwenye dungusi la kweli, miiba huchomoza kutoka kwenye kidoa kidogo chenye manyoya, na kila kundi la miiba lina kidoa chake. Jamaa za mnyaa hazina kidoa hicho. Mara nyingi miiba yao huwa miwilimiwili, imekaa moja kwa moja juu ya ngozi ya shina.

Tofauti hii ina uzito kwa anayetaka kukata. Maziwa ya mnyaa na ndugu zake yanawasha ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kuliumiza vibaya. Ukitaka kuzidisha mimea hiyo, vaa glavu, osha kipande kwa maji mpaka maziwa yakome, na watoto wa nyumbani wasiwe karibu. Tena, usijaribu kuubebesha mmea wa jamii hiyo juu ya dungusi. Ni koo mbili tofauti kabisa na hazitashikana.

Mtoto na kipande

Hizi ndizo njia mbili ambazo watu wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja, na kwa Mombasa kuzitofautisha ni muhimu kuliko kwingine.

Mtoto ni chipukizi linalotoka ubavuni au chini ya mama likiwa tayari na umbo lake kamili. Kati ya aina za madungusi, Mammillaria huzaa watoto wengi, Gymnocalycium nao wamo, na Echinopsis huzaa mpaka chungu kinajaa. Mtoto ameshikana na mama kwa shingo nyembamba. Ukimshika kwa koleo au kwa gazeti lililokunjwa na kumzungusha taratibu, anatoka na kuacha kidonda ambacho mara nyingi ni chini ya sentimita moja. Kidonda hicho hata hapa kwetu hufunga baada ya siku tatu au nne kivulini. Wale wa Echinopsis mara nyingi hutoka na vijizizi vyao tayari.

Kipande ni jambo jingine. Umekata Cereus, yale madungusi marefu ya mbavu yanayoinuka juu ya kuta za nyumba, na uso wa mkato una upana wa kiganja. Tazama uso huo kwa karibu. Nje kuna ngozi ya kijani, kisha nyama nyeupe iliyojaa maji na utelezi, na katikati kuna pete ya mishipa iliyopauka. Mizizi mipya itatoka kwenye pete hiyo. Kadiri siku zinavyopita nyama inasinyaa kuelekea ndani huku ngozi ngumu ikibaki pale pale, hivyo mkato unakuwa na shimo katikati. Ukiupanda hivyo, shimo linakusanya maji na mizizi inabaki ikining'inia bila kugusa udongo. Dawa yake ni kuchonga kingo za mkato kwa mshazari pande zote mara tu baada ya kukata, ili pete ya katikati ibaki ndiyo sehemu iliyochomoza zaidi.

Kipande cha unene huo nakipa wiki mbili msimu wa kiangazi, na zaidi ya hapo hewa ikiwa nzito. Kisimamishe ndani ya chungu kitupu mahali penye upepo na kivuli. Ukikilaza chini kwa muda mrefu kinaanza kupinda kufuata mwanga na kutoa mizizi ubavuni. Unga wa salfa ukiupata unasaidia kuzuia ukungu. Wengine wetu hutumia mdalasini uliosagwa, ambao kila jiko la Mombasa unao; nauona kuwa msaada mdogo, na hauwezi kuchukua nafasi ya hewa inayopita.

Mkato pia ni kipimo cha afya. Ukiona pete ina madoa ya rangi ya kahawia au chungwa, uozo umekwisha panda juu. Futa kisu kwa spiriti, kata tena sentimita mbili juu zaidi, tazama, na uendelee hadi pete iwe safi kabisa. Doa moja lililobaki litakula kipande chote udongoni.

Mpungate (Opuntia), dungusi la mabapa, uko kati ya hizi mbili. Bapa lake huvunjwa kwenye kiungo, si katikati, na kiungo ni chembamba, hivyo unakaribia kuwa mwepesi sawa na mtoto. Lakini kuna ule mdogo wa kupamba wenye vidoa vya manjano vinavyoonekana laini kama mahameli, Opuntia microdasys. Ule laini ni mamia ya vimiiba vyenye ncha za kushika, vinavyong'oka kwa kuguswa tu na kubaki ngozini siku kadhaa. Shika kwa koleo. Vikikuingia, bandika utepe wa gundi juu ya ngozi na uung'oe, rudia mpaka viishe. Nyumba yenye mtoto anayetambaa sioni haja ya kuuweka.

Kwa ujumla, pale dungusi lako linapozaa watoto, chukua mtoto. Usikate shina la mama kwa sababu tu unataka mmea mkubwa haraka. Kipande kina sifa yake, kwa kuwa kikitoka kwenye shina lililokomaa kitachanua mapema kuliko mche wowote, lakini hatari yake ya kuoza hapa pwani ni kubwa zaidi.

Kaskazi na Kusi

Msimu unabadilisha hukumu yote hapo juu. Kati ya Desemba na Machi, Kaskazi inapovuma na mvua ni chache, vidonda hukauka vizuri na mimea ina nguvu ya kutoa mizizi. Huo ndio wakati wa kukata vipande vinene. Masika inapoingia Aprili na kufikia kilele Mei, weka kisu chini, na Kusi inapovuma Juni hadi Agosti vipande viendelee kungoja. Vuli ya Oktoba na Novemba ni ya kuvizia. Watoto unaweza kuwatenga, vipande vinene visubiri.

Dharura tu ndiyo inayovunja kanuni hii. Shina likianza kuoza Mei, kata Mei, maana kungoja ni kulipoteza. Likaushe ndani karibu na feni.

Mbegu: njia inayodharauliwa

Watu huikimbia mbegu kwa sababu ya subira, na ni kweli: mche wa mwaka mmoja wa aina nyingi hauzidi sentimita moja au mbili. Anayetaka kujaza roshani mwaka huu asianzie hapa. Ila mbegu ndiyo njia pekee kati ya hizi nne isiyo na jeraha lolote, na unyevunyevu wetu, ambao ni balaa kwa vipande, kwa mbegu ni neema.

Mbegu nyingi za dungusi zina ukubwa wa milimita moja hivi na zinataka mwanga ili zichipue, kwa hiyo hazifukiwi. Chukua mkebe wa plastiki unaopitisha mwanga wenye kifuniko, ule wa kubebea chakula. Tia udongo laini unaopitisha maji, mwagia maji yanayochemka ili kuua ukungu na mayai ya wadudu, uache upoe, tawanya mbegu juu, funga. Uweke mahali penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Jua la Februari likipiga mkebe uliofungwa, miche itapikwa mchana mmoja. Ndiyo maana mimi napenda kupanda mbegu Juni hadi Agosti, wakati ambao mwenye vipande amekaa akingoja. Aina nyingi huchipua kati ya wiki moja na tatu.

Mkebe ubaki umefungwa miezi kadhaa, kisha ufunguliwe kidogo kidogo. Hapo ndipo miche mingi hupotea: anayefungua ghafla anaikausha, anayechelewa mno anakuta ukungu umetanda. Ukiona nyuzi nyeupe za ukungu, toa miche iliyoguswa, acha kifuniko wazi kiasi, na usiongeze maji.

Sasa kuna dungusi moja linalonifanya niitetee mbegu kwa moyo wote, nalo ni Melocactus. Asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika, ikiwemo visiwa vya Karibi na pwani ya Brazili, na baadhi ya aina zake huota karibu kabisa na bahari. Linachukia baridi, linapenda joto, na upepo wa chumvi haulisumbui kama unavyosumbua mengine. Kwa maneno mengine, ni dungusi lililoumbwa kwa ajili ya miji kama wetu. Likikomaa linaota kofia nyekundu ya manyoya kichwani, shina linaacha kukua, na kofia peke yake ndiyo inayoendelea kurefuka huku ikitoa maua madogo na vitunda vya waridi. Kwa kawaida halizai watoto, na kulikata ni kulihatarisha. Mbegu tu ndiyo itakayokuzidishia. Na habari njema ni kwamba hujichavusha lenyewe: mmea mmoja unakutosha. Vitunda vinapochomoza kutoka kwenye kofia, vichomoe, kamua mbegu, zioshe, zianike kwenye karatasi.

Madungusi mengi hayako hivyo. Echinopsis na Mammillaria nyingi zinahitaji mmea wa pili wenye nasaba tofauti ili zishike mbegu. Ukiwa na vyungu vitano vilivyotokana na mama mmoja, kwa uchavushaji vyote ni mmea mmoja. Hili ni la kukumbuka unapobadilishana na majirani: mpe mwenzako mtoto wa kwako, nawe omba wa kwake.

Wanaoagiza mbegu kutoka nje wajue kwamba kuingiza mimea na mbegu Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na kwamba biashara ya kimataifa ya takriban madungusi yote inasimamiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Mbegu ya kitunda cha jirani haina usumbufu huo.

Kubebesha

Kubebesha ni kukata kichwa cha dungusi moja na kukishikanisha juu ya shina la jingine lenye mizizi yenye nguvu. Wengi wanakijua kitu hiki bila kujua jina lake: lile dungusi dogo la mviringo, jekundu au la manjano, lililokaa juu ya shina la kijani la pembe tatu. Kichwa ni Gymnocalycium mihanovichii asiye na ukijani, kwa hiyo hawezi kujitengenezea chakula. Shina la chini ndilo linalomlisha. Wajapani ndio walioanzisha aina hizo katika miaka ya 1940. Ukimtenga na kumpanda peke yake udongoni, atakufa. Kwake kubebesha ni lazima.

Shina hilo la pembe tatu ni mpitaya, ule mmea wa tunda la magamba ambalo sokoni huitwa dragoni. Hapa ndipo Mombasa ina bahati. Katika nchi za baridi mpitaya hulalamikiwa kuwa mbebaji dhaifu, kwani joto likishuka chini ya nyuzi 10 huanza kuharibika. Hapa hilo halitokei kamwe. Unakua kwa kasi, unaota kwa kipande bila shida, na ukipata mtu anayeulima atakugawia mabua anayopogoa.

Kazi yenyewe yataka usafi na haraka. Kata juu ya mpitaya wenye mizizi, ukiacha shina la sentimita 10 hadi 15. Chonga pembe tatu kwa mshazari. Kata tena kipande chembamba sana juu ya mkato na ukiache hapo hapo ili kisikauke. Kata chini ya kichwa unachotaka kubebesha, ondoa kile kifuniko chembamba, kisha kalisha kichwa huku ukikizungusha kidogo kutoa hewa. Pete ya mishipa ya juu lazima iguse au ikatize pete ya chini. Kama mbebwa ni mdogo kuliko mbebaji, mweke pembeni kidogo ili pete zikutane. Pete zisipogusana, vyote viwili vitapona kivyake na kichwa kitadondoka. Funga kwa raba mbili zinazopishana, weka kivulini pakavu, maji yasiguse mkato kwa wiki mbili.

Jeraha hapa ni kubwa, ila linafunikwa papo hapo, kwa hiyo halihitaji siku nyingi za kukauka kama kipande. Hatari iko kwenye siku chache za mwanzo tu. Januari na Februari ndiyo miezi yangu ya kubebesha: mpitaya umekwisha kunywa mvua ya vuli, umejaa, na hewa imeanza kukauka.

Kasoro ni umri. Mpitaya mwembamba huchoka baada ya miaka michache, na kichwa kinene humwelemea. Ukipenda kichwa hicho, jiandae kukihamishia kwenye shina jipya kabla la zamani halijalegea. Kwa dungusi la kawaida lenye ukijani, kubebesha ni njia ya kuharakisha ukuaji au kuokoa kichwa ambacho chini kimeoza. Kama lina mizizi mizuri, liache.

Udongo na maji, kwa njia zote

Usichote mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na mchanga wetu wa matumbawe umejaa chokaa ambayo madungusi mengi hayaipendi. Nunua mchanga wa mto wa chembe kubwa kwa wauza vifaa vya ujenzi, uoshe vumbi, changanya mafungu mawili ya mchanga huo na kokoto ndogo kwa fungu moja la udongo wenye mboji. Makaa yaliyopondwa yanafaa. Unga wa makumbi nautumia kidogo, kwa sababu unashika maji mno, na makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba huwa yameloa chumvi.

Chungu cha udongo ni bora hapa kuliko cha plastiki, kwa kuwa kinapumua. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvichumvi. Yakiacha ukoko mweupe kwenye chungu, hayo yanadhuru mizizi michanga. Kinga maji ya mvua. Mtoto au kipande kisicho na mizizi hakinyweshwi kabisa mpaka ukikivuta kidogo kikatae kutoka.

Nani achague nini

Anayeishi ghorofani Tudor au Majengo, roshani moja, mikono haijazoea: watoto wa Mammillaria au Gymnocalycium, na mkebe mmoja wa mbegu dirishani. Mwenye ua Kisauni au Likoni anaweza kukata Cereus wakati wa Kaskazi na kuupanda kando ya ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zenye ua wa ndani na kivuli kingi, ziachie madungusi yenye asili ya misitu: Epiphyllum oxypetalum, ambaye ua lake jeupe hufunguka usiku na kunyauka alfajiri, na Rhipsalis baccifera anayening'inia, dungusi pekee ambalo lipo Afrika kiasili. Hawa wawili wanapenda hewa yenye unyevu, vipande vyao vyembamba hukauka haraka, na kwao kukata kunaishinda kila njia.

Dungusi la Krismasi nalo huota kwa kipande cha bapa mbili au tatu bila taabu. Ila asili yake ni milima ya Brazili, na huweka vitumba usiku ukiwa wa baridi. Usiku wa Mombasa mwezi wa Desemba ni wa joto mno, hivyo wengi hupata majani mazuri bila maua. Ukilitaka kwa ajili ya maua, fedha yako itaenda mbali zaidi kwenye Epiphyllum.

Na mabaki ya mpungate usiyatupe kwenye kiwanja kilicho wazi. Kila bapa linashika mizizi pale linapoangukia. Huko Laikipia, Opuntia iliyoletwa kutoka Amerika imemeza malisho mpaka ikabidi wadudu waletwe kuipunguza. Yakatekate, yaanike juani mpaka yawe makavu kabisa, kisha yachome.